Inapasua Yenyewe

Kosa langu lilikuwa neno moja, wala si neno gumu. Nilisema "yenyewe". Niliulizwa mbele ya watu wazima waliokaa mkekani, hiyo roboti ya hospitali inafanya nini hasa, nami nikajibu kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe jambo analolijua: "Ni mashine, inapasua yenyewe. Haitetemeki, haichoki, haikosei." Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandaa njiani, tangu Dar es Salaam mpaka Kibiti, nikiipunguza neno hapa na neno pale ili iwe fupi na isimchoshe mtu. Nilipoimaliza niliona nimesema vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuteleza ulimi. Nilijitayarisha.

Juzi nimerudi kutoka Mbuchi, kijijini kwetu, kwenye hitima ya arobaini ya Mjomba Salumu. Wanaume tulikaa wanne wanne kwenye masinia, na mmoja wa wale niliokula nao, mtu wa rika langu, akaniuliza, "Rajabu, ati ni kweli mzee alikataa kupasuliwa na roboti?" Mwenzake akadakia kabla sijameza: "Angekubalije? Mtu katukata sote hapa kwa mkono wake, leo akakatwe na redio?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Ukweli ni kwamba Mjomba hakukataa roboti. Alikataa kitu nilichomweleza mimi, na kitu hicho hakipo duniani. Nilitaka kuwaambia hivyo palepale, lakini watu walikuwa wamekuja kumwombea marehemu, hawakuja kusikiliza toba yangu. Ndiyo maana naandika. Nimeanza ukurasa huu mara nyingi nikaufuta, kwa sababu kila nikiusoma naona kuna neno halijakaa sawa, na tabia hiyo nayo imo katika kisa chenyewe.

Mjomba alikuwa ngariba. Kabla hospitali hazijawa karibu, wavulana wengi wa vijiji vya deltani walipita mkononi mwake, mimi nikiwa mmoja wao, na hata baada ya watu kuanza kupeleka watoto kwa waganga wa zahanati wapo waliomtafuta yeye. Aliacha kazi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, asubuhi moja alipoona kikombe cha chai kinamwagika mkononi mwake bila sababu. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Alikiosha kile kisu chake, akakifunga kitambaa, akakiweka juu ya kabati, akarudi kwenye mpunga. Sisi tulioona tulidhani amechoka tu. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo aliniita "mjomba" nami nikamwita "Mjomba", na mtu akitusikia kupitia ukutani asingejua nani anamwamkia nani, isipokuwa kwa shikamoo yangu na marahaba yake.

Mwaka ule nilikuwa fundi simu Kibiti. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama video, na Kiingereza nilijifunza humohumo, nikisimamisha picha kila mtu alipotamka neno nisilolijua. Mtu aliyejifunza mwenyewe huwa na hofu moja isiyomwisha: kwamba kuna kitu cha msingi ambacho wengine wote walifundishwa siku ya kwanza, na yeye hakuwepo. Kwa hofu hiyo nilikuwa nikishamaliza simu ya mteja naifungua tena kuangalia kama skrubu zote zimo. Nilikuwa nikifunga kufuli la duka, nikifika njiani narudi kulivuta. Nyuma ya duka nilikuwa na vyumba viwili, vya ukuta usiofika kwenye bati, na Mjomba alipokuja na mkewe Bi Zena mwanzoni mwa mwaka, nikawapa kile kikubwa. Walikuja kwa sababu mkojo ulikuwa umegoma. Hakusema hivyo. Alisema amekuja kuangalia bei ya magunia. Lakini choo kilikuwa uani, nyuma ya dirisha langu, nami nikawa namsikia anavyoingia na kopo la maji, kimya kinakaa, anakohoa ili kimya kisisikike, kimya kinakaa tena. Kisha matone machache, kama bomba lililofungwa vibaya. Akitoka alikuwa ananiona nimekaa na bisibisi yangu, anasema, "Choo chako kizuri, mjomba. Kina upepo." Ngariba mzima, aliyekaa maisha yake yote na jambo hilohilo mkononi, aliona aibu kulitamka likiwa lake.

Bi Zena ndiye aliyelitamka. Tulikuwa tunakula mihogo ya nazi, na Mjomba ameinuka mara ya tatu kabla sahani haijaisha. "Mwanangu," akaniambia, "mjomba wako hakojoi. Usimsikilize habari za magunia." Tukampeleka hospitali ya Mchukwi, wakamwekea mpira wa mkojo, na mkojo uliotoka ulimfanya mzee yule afumbe macho na kusema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata msikitini. Wakasema tezi dume imekua, iende ikaangaliwe Dar. Dar wakachukua damu, wakachukua kinyama, wakampa dawa zilizomwezesha kutolewa mpira, wakatuambia turudi kwa majibu.

Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, kina kitanda kilichofunikwa karatasi na pazia la kijani lisilofika mwisho. Daktari nitamwita Elia. Alikuwa mtu wa bara, kijana kuliko nilivyotegemea, na alizungumza taratibu huku akimtazama Mjomba, si mimi. Alisema ni saratani, lakini bado imo ndani ya tezi, haijatoka, na ikiondolewa yote sasa kuna matumaini ya kweli. Alisema njia ya kufungua tumbo ipo, ila kwa moyo wa mzee na umri wake yeye anapendelea matundu madogo, kwa upasuaji wa roboti ambao hospitali ilikuwa imeuanza karibuni na mabingwa wageni, na kwamba angeweza kumpatia nafasi kabla ya Ramadhani. Kisha akauliza, "Mzee, una swali lolote?" Mjomba alitazama viatu vyake. Naikumbuka dakika ile kama picha. Alifungua mdomo. Akanitazama. Nami, kwa sababu nilikuwa nimeshaziona video za hiyo mashine na moyo unanidunda kwa kujua, nikasema, "Hana swali, daktari. Mimi nitamweleza."

Nilimweleza Kibiti, Ijumaa baada ya swala, kwenye upenu wa duka langu. Alikuwepo Mzee Kondo, mwenye bucha ya jirani, Mzaramo, ambaye kwetu sisi Wandengereko ni mtani, kwa hiyo lolote alilosema halikuwa tusi. Walikuwepo majirani wawili, na Bi Zena amekaa ndani karibu na mlango anachambua mchele. Hapo ndipo nilipoulizwa, na hapo ndipo nilipoitoa ile sentensi yangu.

"Yenyewe?" akasema Mzee Kondo. "Hakuna mtu?"

"Yenyewe," nikasema. "Ina mikono minne."

"Na umeme ukikatika? Jana hapa tumeshinda bila umeme toka adhuhuri. Mashine iko nusu ya safari, umeme umekwenda. Salumu anabaki kama nani? Kama simu za Rajabu, kifuniko huku, betri kule?"

"Kuna jenereta."

"Aa, jenereta." Akamgeukia Mjomba. "Basi usihofu, Mndengereko. Utakufa na jenereta lako."

Watu wakacheka. Mjomba alicheka pia. Akasubiri kicheko kiishe, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia, "Mjomba, na hiyo mashine, kabla ya kukata, Bismillahi anasema nani?"

"Mashine haisemi, Mjomba. Ni mashine."

"Kha!" Mzee Kondo akapiga paja. "Mimi buchani kwangu hata kuku nisipomsomea hapati mnunuzi. Itakuwa Salumu?"

"Kwani mimi naliwa?"

"Akule nani, Mndengereko? Umejaa matope ya mto mpaka kwenye mifupa."

Nilicheka kuliko wote. Nilidhani mambo yamekwisha, mzee ametulia, watani wamemchangamsha. Sikutazama mikono yake. Bi Zena aliitazama, kwa sababu alinisimulia baadaye kwamba Mjomba wakati ule aliiweka chini ya mapaja yake, akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. Nilikuwa nimemwambia mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya mkono unaotetemeka kwamba kipo kitu bora kuliko mkono, na ubora wake ni kwamba hakitetemeki. Niliisifu mashine kwa sifa ambazo mimi mwenyewe nilizitamani. Kutochoka, kutokosea: hizo zilikuwa dua zangu, hazikuwa zake.

Kesho yake alfajiri, baada ya swala, nikawasikia kupitia juu ya ukuta. Bi Zena alikuwa anapuliza mkaa, Mjomba amekaa karibu naye.

"Utakwenda au huendi?" akauliza Bi Zena.

"Mtoto kasema haikosei."

"Si ndiyo vizuri?"

"Zena, mimi nimekata watoto wa watu. Unajua nini kilichokuwa kinaushika mkono wangu? Woga. Namwona baba yake amesimama pale, namsikia mama yake kule nyuma, naogopa, nasema Bismillahi, mkono unatulia. Sasa kitu kisicho na woga, kitanihurumia kwa lipi?"

Nikasikia chai inamiminwa. Mimi nilikuwa nimelala ndani ya chandarua, macho wazi, na ningeweza kuinuka. Palikuwa na hatua chache tu mpaka pale. Ningeweza kusema, Mjomba, hebu twende tena tukamuulize daktari. Badala yake nikajiambia kwamba kwanza nitazame video vizuri, nipate jibu kamili, ndipo niseme. Walipomaliza chai walifunga mizigo. Mkojo sasa unatoka, alisema Mjomba, dawa anazo, na mpunga haujilindi. Nikawasindikiza stendi. Akaniwekea mkono begani akasema, "Choo chako kizuri, mjomba."

Jioni hiyohiyo nikatafuta na kuona nilichokuwa sijakiona. Zile video nilizozizoea zilikuwa zimekatwa, zinaonyesha mikono ya chuma tu juu ya kitanda. Nikapata moja iliyoonyesha chumba kizima. Kule pembeni, mbali kidogo na mgonjwa, alikuwepo mtu. Amekaa kwenye kiti, amevua viatu, miguu ya soksi iko kwenye pedeli, paji la uso ameliegemeza kwenye dirisha dogo kama mtu anayechungulia kisimani, na vidole vyake vimeingia kwenye vipete viwili. Akisogeza kidole, mkono wa chuma unasogea. Akisimama kuwaza, nao unasimama. Mashine haikuwa na akili hata ya sisimizi. Ilikuwa kisu chenye mpini mrefu, basi, na mwisho wa mpini kulikuwa na binadamu mwenye mgongo unaouma. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawa ya moto.

Mtu mwingine angepiga simu palepale. Mimi sikupiga. Namba ya simu ya mzee iliyoandikwa hospitalini ilikuwa yangu, na nesi aliponipigia kuuliza kama atafika siku aliyopangiwa, nilimjibu, "Bado hajawa tayari." Sikumwambia kwa nini. Nilikuwa nimeshamweleza mtu vibaya mara moja, na niliogopa kueleza vibaya mara ya pili kuliko nilivyoogopa ugonjwa wenyewe. Nikaamua kuandaa maelezo yasiyo na dosari. Nilijirekodi kwa simu nikimweleza Mjomba, nikasikiliza, nikafuta. Nikarekodi tena, nikaona neno "kompyuta" litamtisha, nikafuta. Nikaweka mfano wa mpini, nikauona mdogo. Masika ikaja, njia za deltani zikajaa maji, nikapata sababu nyingine. Ramadhani ikapita, Bi Zena akanitumia kamba wakavu wa futari pamoja na salamu, nami nikawala kila magharibi na uji wa mchele, peke yangu katika chumba kikubwa walichokuwa wanalala wao, nikiwa na rekodi mpya mfukoni ambayo nayo nilikuwa naishuku. Nikikumbuka miezi ile, nakumbuka kwamba nilijihesabu kuwa mtu anayefanya kazi. Nilikuwa nahangaika, nilikuwa silali vizuri, na nilichukua mahangaiko kuwa ndiyo msaada.

Kilichonitoa Kibiti ni simu ya Bi Zena. "Mzee kiuno kinamsumbua," alisema. "Anasema ni kwa ajili ya kuinama shambani. Lakini siku hizi hainami." Nilifunga duka siku hiyohiyo, na sikurudi kulivuta kufuli.

Nikamkuta kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga, amekaa na kamba mkononi, zile zilizofungwa makopo, anazivuta ndege wakitua. Mpunga ulikuwa umeiva, dhahabu mpaka ukingo wa mto. Nikapanda ngazi, nikaamkia. Alikuwa amekonda mashavuni. Bi Zena alituletea wali mpya na kamba wa nazi, akashuka kuwafukuza ndege upande wa pili huku akizomea, na sisi tukala kutoka sinia moja. Rekodi yangu niliisahau mfukoni. Nilisema tu, hovyo hovyo, mchele mdomoni: "Mjomba, nilikudanganya. Kuna mtu."

"Mtu wapi?"

"Kwenye ile mashine. Haipasui yenyewe. Daktari ndiye anayepasua. Amekaa pembeni, vidole vyake ndani ya pete, anafanya hivi, nayo inafanya hivi." Nikamwonyesha kwa kamba wawili, nikiwashika kwa vidole kama koleo.

Akawatazama wale kamba kwa muda. "Anamwona mgonjwa?"

"Anamwona kwa ndani, kwa ukubwa kuliko macho."

"Na mkono wake ukitetemeka?"

"Mashine inachuja. Mtetemo haufiki."

Akaacha kuvuta kamba za makopo. Ndege walitua, kundi zima, na Bi Zena akapiga kelele kule chini, "Nyie wanaume mmelala?" Mjomba hakumsikia. Alikuwa amenyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, juu ya mpunga, anautazama unavyotetemeka. "Kumbe kuna mtu," akasema. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, hadi akashika kiuno. "Kumbe kuna mtu, mjomba! Ningekuwa nayo hiyo, ningekuwa nakata mpaka leo. Wewe ungeleta watoto wako, na yule Kondo tungemrudia upya."

Tulikwenda Dar wiki iliyofuata. Alivaa kanzu safi na kofia mpya ya kazi ya mkono, akasema anakwenda kukatwa, lazima apendeze, kama wale watoto wake wa zamani waliokuwa wakinyolewa kwanza. Daktari Elia alimpokea bila kumlaumu. Vipimo vikarudiwa. Tukaitwa kwenye chumba kilekile, pazia la kijani lilelile. Safari hii daktari alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa karibu na Mjomba, nami nikajua kabla hajasema. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye tezi, umefika kwenye mifupa ya kiuno. Kuondoa tezi sasa kungemtesa bila kumponya. Angepewa sindano za kuupunguza mwendo, na huenda angeishi nao muda mzuri.

"Kwa hiyo hamnikati," akasema Mjomba.

"Hatukukati, mzee."

"Na ningekuja siku ile?"

"Sijui, mzee. Ningesema najua, ningekuwa nakudanganya. Kuna ugonjwa unaokimbia hata ukiuwahi. Ila nafasi ilikuwepo." Kisha akauliza jambo ambalo alikuwa na haki ya kuuliza: "Nini kilikurudisha nyumbani? Woga?"

"Bismillahi," akasema Mjomba. "Niliambiwa ni mashine tupu, nikajiuliza Bismillahi nani ataisema."

Daktari Elia alimtazama, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyepokea kitu kizito. "Mzee wangu," akasema, "mimi Mkristo, lakini sijawahi kuingiza vidole kwenye zile pete kabla sijasali. Na mgonjwa akiwa Mwislamu, kabla ya nusu kaputi tunamwachia aseme yake, na wauguzi wa dini yake wapo, wanasema naye. Mbona hukuniuliza?"

Mjomba hakunitazama. Sauti yake haikuwa na lawama, na ndiyo maana imenikaa hivi. "Kijana wangu alikuwa ameshanijibu," alisema.

Nilitoka nikasimama kwenye korido, mbele ya watu waliokaa kwenye viti na vyeti vyao, nikageukia ukuta. Nilidhani wananitazama. Hakuna aliyenitazama, kila mmoja alikuwa na lake. Nilipojifuta uso na kurudi, nikawakuta wamesimama, daktari amemshika mzee kiwiko. Mjomba alikuwa ameomba kuiona. Ile mashine yenyewe ilikuwa kazini, lakini palikuwa na chumba cha mafunzo chenye meza ya kujifunzia, isiyo na mgonjwa, ambayo madaktari wanazoezea vidole. Daktari alimkalisha kwenye kiti, akakishusha mpaka miguu ifike kwenye pedeli. Mjomba akavua makubazi bila kuambiwa. Akaegemeza paji la uso, kofia ikamtoka, nikaiokota nikaishika.

"Mle ndani utaona pete na vijiti," daktari akamwambia. "Ichukue pete, uivishe kwenye kijiti."

Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka kuliko nilivyowahi kuiona, kwa uchovu wa safari na kwa habari aliyokuwa ameipata. Akaisogeza kwenye vipete. Akasita. Nikamsikia, kwa sauti ndogo ambayo nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa mtoto, nimekalishwa juu ya kinu, naambiwa tazama ndege wale: "Bismillahi Rahmani Rahimi." Kioo cha pembeni kikatuonyesha sisi wengine kinachotokea ndani. Koleo mbili ndogo zilishuka polepole, zikaishika pete, zikaibeba. Hazikutikisika hata chembe. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kama majani na koleo zimetulia kabisa. Akaivisha pete kwenye kijiti, akachukua ya pili, akaivisha.

"Mzee, umeshawahi?" daktari akauliza.

"Nimewahi," Mjomba akajibu bila kuinua uso. "Kwa wasumbufu zaidi. Hizi pete hazilii." Akachukua ya tatu. Tulimwacha. Alipoinua uso ulikuwa na alama ya dirisha lile kwenye paji, na machozi, na hakuona aibu ya hayo. "Ni mkono," aliniambia. "Ni mkono wa mtu tu, mjomba. Umerefushwa."

Aliishi na sindano zile, akavuna mpunga wa mwaka uliofuata akiwa amekaa kitini anaelekeza wengine, na kwa Mzee Kondo alijisifu kila alipopita Kibiti kwamba yeye ameiendesha roboti na Mzaramo hajaendesha hata baiskeli ikanyooka. Hakunitaja kamwe katika habari ile. Akiulizwa kwa nini hakupasuliwa alisema, "Tulichelewa," kwa wingi, kana kwamba tulikuwa tumeongozana. Mwishoni miguu ilimshinda. Nilikuwepo alipooshwa. Mikono yake ilikuwa imetulia, na watu wanne wa kwanza kulibeba jeneza walikuwa watu aliowakata yeye, nami nikiwa wa nne.

Hitima ilipokwisha Bi Zena aliniita ndani akanipa kile kisu, kingali ndani ya kitambaa chake. Nilimwambia mimi si ngariba. Akasema, "Najua. Kiweke tu mahali unapofanyia kazi." Kiko hapa mezani, karibu na bisibisi.

Bado narudi kulivuta kufuli, na ukurasa huu nimeusoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Hilo halijabadilika. Lililobadilika ni hili: watu wa deltani huja dukani kwangu na karatasi za hospitali, kwa sababu wanajua nasoma Kiingereza, wananiuliza daktari kasema nini. Simjibu mtu. Nafunga duka, nakwenda naye mpaka kwa daktari, nakaa nyuma yake, na yeye mwenyewe ndiye anayeuliza.